Kwa Baba Yetu Sponji, Fundi Makochi Aliyekubali Kidonge cha Majaribio

Mwaka umetimia, baba, tangu utuache, na mama bado anakutengea kikombe chako cha chai ya jioni, kisha anakumbuka, anakirudisha kabatini.

Watu wote walikuita Sponji. Hukuweza kuingia nyumbani kwa mtu ukakaa bila kwanza kubonyeza kiti chake kwa kiganja. Hata siku ya kwanza kliniki ya saratani ulibonyeza benchi la wagonjwa, ukamwambia nesi, "Dada, hii sponji ilishakufa zamani, mnanitisha bure." Nesi alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Hukuwahi kuvuta sigara maishani mwako, na bado watu walinong'ona kwamba saratani ya mapafu uliitafuta mwenyewe. Dawa za mwanzo ziligoma. Ndipo daktari akakueleza kwamba uvimbe ulio kwenye pafu lako una jeni iliyoharibika, na kwamba kimetengenezwa kidonge kinacholenga jeni hiyo hiyo, ila ndiyo kwanza kinajaribiwa kwa watu.

"Mzee, sitakudanganya," alisema. "Tuko hatua ya mwanzo kabisa. Tunatafuta kiasi ambacho mwili unaweza kukihimili. Siwezi kukuahidi kupona."

"Na mimi siwezi kukuahidi kufa," ukamjibu. "Lete kidonge."

Mama hakutaka hata kusikia. "Wakufanye panya wao?" Ukamshika mkono. "Mama watoto, unataka nikae nyumbani niutazame ukuta?" Akaenda kukupigia pasi shati la kwendea kliniki.

Kidonge kilikutoa vipele uso mzima na kukupasua midomo, lakini kikohozi kilikatika. Picha ikaonyesha uvimbe umenywea. Ulirudi karakana, misumari mdomoni kama zamani, ukamaliza kochi la jirani lililokuwa limebaki fremu tupu. Mama alianza tena kuimba akipika. Sote tukaanza kusema "mwakani." Leo siku zile ndizo zinazotuuma kuliko zote, maana tuliamini.

Kikohozi kikarudi. Daktari alisema uvimbe umepata njia ya kuikwepa dawa, na kwa utaratibu wao kidonge kinasimamishwa. Mama alipiga magoti palepale, mbele za watu.

"Mpe japo kidogo, daktari! Hata nusu!"

"Mama, hakimsaidii tena. Kinamuumiza tu."

Wewe ndiye uliyemwinua, nawe mwenyewe huna nguvu. "Inuka, mke wangu. Tusimtese mtoto wa watu."

Baada ya siku ile hukutania tena. Kitinda mimba wako alijaribu kukuchekesha, ukageuza uso. Tulikuzoea mwenye maneno, hatukujua tuufanyeje ukimya wako. Tulikaa kando ya kitanda tukingoja utuusie neno, hata moja. Ulikata roho umetazama pembeni, na mpaka leo hatujui kama ulikuwa umetukasirikia au umechoka tu.

Majuzi daktari alipiga simu. Alisema kidonge kimevuka hatua, sasa watapewa wagonjwa wengi zaidi, na kwamba wewe na wenzako ndio mliowawezesha kujua kiasi kinachofaa. Mama alimwambia, "Asante, mwanangu," akakata simu, akalia mpaka sauti ikamkauka. Tunawaombea heri wote watakaokimeza. Lakini tusijifanye, baba. Watu wanatuambia tujivunie, nasi tunaitikia kwa adabu. Wakiondoka tunafunga mlango, tunakusanya vikombe. Sisi tulikutaka wewe.

Unakumbukwa na mkeo; binti yako mwalimu; mwanao dereva wa lori; kitinda mimba wako, aliyerithi karakana na anayeharibu vitambaa kila wiki; dada yako mkunga; wakwe zako; wajukuu zako, ambao mdogo wao hukumwona; na mafundi wenzako wote.

Hatujapoa, wala hatutadai kwamba tumepoa. Maadamu tuna pumzi, baba, tutakukumbuka.