Mjomba, Tumekusoma Bungeni

Karakana ya Mafundi Cherehani,
Ghorofa ya Pili, Soko Kuu,
S.L.P. 418.
14 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kabla ya yote, hali yako? Mguu je, bado unakusumbua asubuhi? Na mkaza mjomba amepona kile kikohozi ulichokitaja kwenye barua ya mwisho? Sisi huku wazima. Mama, dada yako, nguvu anazo, na ulimi wake bado haujaingia kutu.

Nina habari ambayo nimeibeba siku tatu nikitafuta pa kuanzia. Acha nianze na safari yenyewe.

Jumanne kikundi chetu cha mafundi, watu kumi na wanane, tulikwenda kutembelea Bunge. Mwenyekiti wetu ni yule mama tunayemwita Mkasi. Utamkumbuka tu, maana hasahauliki. Yeye ndiye aliyeandika barua ya kuomba nafasi. Langoni walipokagua mikoba yetu, katika kila mkoba ukatolewa mkasi! Mlinzi akatutazama. "Jamani, mmekuja kutembea au kupindua nchi?" Tukacheka naye, akaijaza mikasi yote kwenye beseni na kutupa vikaratasi vya namba.

Mjomba, kumbe ukumbi wenyewe mdogo! Kwenye televisheni nilidhani ni kama uwanja wa mpira. Dada aliyetutembeza alitukalisha kwanza juu, kwenye viti vya wageni, akatuambia kwamba mgeni hapo hapigi makofi wala haguni. Mkasi akaninong'oneza, "Mimi wangenitoa dakika ya kwanza."

Siku hiyo hakukuwa na kikao, basi tukateremshwa hadi ndani. Tulionyeshwa siwa, ile fimbo ya heshima inayomtangulia Spika. Mimi nilikuwa na maswali mengi hadi yule dada akachoka: nani hupiga kengele, mbunge akisinzia huamshwa na nani, maji ya kunywa huletwa na nani. Wenzangu walikuwa wameviinamia viti wakihesabu mishono. Kazi safi, ila safu ya nyuma uzi umeanza kufumuka. Nikawa najiuliza wewe ulikaa wapi. Sikuthubutu kuuliza mbele ya Mkasi.

Nisikufiche, Mjomba. Unajua ulivyoitwa huku ulipoukosa ubunge: Bubu. Eti miaka mitano bungeni hukufungua kinywa. Wimbo ule wa kukudhihaki aliutunga Mkasi, na mimi, mpwa wako wa damu, niliuitikia. Ulisema uliuliza kuhusu daraja, watu wakakujibu kwamba redioni hawakusikia kitu. Ukahama. Daraja likaja kujengwa, likapewa jina la aliyekufuata.

Sasa sikiliza. Tulimalizia maktabani. Mtunza maktaba, bwana mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alituonyesha rafu za kumbukumbu rasmi. Kila neno linalosemwa ukumbini huandikwa humo, hata kicheko. "Mwananchi yeyote anaruhusiwa kuomba kusoma," akasema. "Nani anataka kujaribu?"

Mkono wangu ukainuka wenyewe. Nikataja jina lako. Nyuma yangu Mkasi akaguna, "Ataletewa kitabu cheupe."

Yule bwana akapitisha kidole kwenye orodha ya majina. "Huyu? Aliuliza mara saba."

Nikamwomba arudie. Mara saba, na nne kati ya hizo ni za daraja! Nikauliza mbona redioni hatukukusikia. Akasema miaka ile redio ilirusha saa ya kwanza tu, na maswali yako yote yalipangwa mwishoni. Kisha akanifungulia ukurasa. Nikasoma kwa sauti:

"Mheshimiwa Spika, kwetu mjamzito huvushwa mto akiwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa nyumbani kwake. Je, Serikali inataka tung'oe milango mingapi zaidi ndipo ijenge daraja?"

Chini yake, kwenye mabano, wameandika: Kicheko.

Kwetu hakuna aliyecheka. Mkasi alisogea, akauweka mkono wake juu ya ukurasa kama mtu anayepima kitambaa. "Mlango huo ulikuwa wa kwangu," akasema. "Mimi ndiye niliyelala juu yake." Kisha akaniomba nisome tena. Nikasoma.

Mtunza maktaba alitutolea nakala za maswali yako yote. Jana Mkasi alikuja nazo kwa Mama. Tangu uhame alikuwa hajakanyaga pale. Akasimama mlangoni akazisoma zote saba, bila kukaribishwa, bila kukaa. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ndugu yangu ni mkaidi. Mwongo hajawahi kuwa." Ndipo akamsogezea kiti.

Mkasi ameniomba anwani yako. Msamaha wake atauomba mwenyewe, sitamsemea. Mimi nauomba wangu hapa. Nilikuwa na umri wa kutosha kukuuliza, nikachagua kuimba. Nisamehe, Mjomba.

Mama anakusalimu na anasema uje ule kwake kabla meno hayajawaisha nyote wawili. Binamu zangu wanakusalimu, pia shangazi wa duka la dawa na kaka yangu fundi magari. Msalimie sana mkaza mjomba. Mungu awape afya, na awape majirani wanaosikia.

Jambo moja halijaniacha. Swali lako la saba ni la siku ya mwisho ya Bunge lile. Spika anakwambia muda umekwisha, nawe unasema, "Mheshimiwa Spika, nilitaka tu kumalizia kwamba..." Basi, hapo wameweka nukta tatu na kumwandika mtu mwingine. Karakana nzima tunabishana. Mama anadhani ulitaka kushukuru. Mkasi anadhani ulitaka kutukana, na anasema ungekuwa na haki. Mimi sijui, na usingizi unanikimbia. Ulitaka kumalizia na nini? Andika lote, hata likijaza daftari. Huku hakuna wa kukukata.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
binti wa dada yako.