Miezi Minane Bila Uraka

Mkotokuyana, Nachingwea

Mjukuu wangu Somoe,

Sisi wazima. Bibi yako, mke mwenzio, anakusalimu; mbuzi wake amezaa mapacha na kijiji kizima kimeshaambiwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu! Kumbe na wewe, muuguzi mtarajiwa huko Dar, umeapa kuacha chipsi, halafu ukisikia harufu unajikuta umeshanunua! Na mwalimu wenu anasema ni ubongo, unaikumbuka raha kabla wewe hujaamua. Mungu wangu, miaka yote hii nilidhani ni kukosa aibu!

Ulikuwa mdogo nilipoapa kuacha uraka, pombe yetu ya mabibo. Nikamaliza miezi minane bila tone, nikajitapa hadi msibani. Bibi yako akacheka tu: "Subiri msimu, mzee." Nikanuna.

Basi mabibo yakaanza kuanguka. Nikaokota la kwanza, nikanyofoa korosho yake, harufu ikanipanda puani. Mate yakanijaa! Nilipojitambua nilikuwa nimekaa kwa mama muuza uraka, kikombe mkononi, kikapu nimekiacha shambani. Miezi minane sikuwa nimeshinda chochote, uraka wenyewe haukuwepo!

Niliacha kweli mwaka uliofuata, bibi yako alipochukua kazi ya kuokota korosho, mimi nikabaki na mihogo. Hadi leo, msimu ukifika, natoka shambani kwa njia ya kisimani, isiyo na mikorosho. Ni ndefu, Somoe, lakini ndiyo inayonifikisha nyumbani.

Babu yako