Ukuta wa Kijani na Macho ya Mama

Mpendwa mume wangu, Baba Koku,

Tangu tukuzike sina wa kumtambia, kwa hiyo nakuandikia. Vitu vimerudi madukani, na mimi ndiye mwanamke wa kwanza hapa Ihembe kupaka sebule rangi ya mafuta. Kijani. Nimeinunua mjini Omurushaka kwa kahawa niliyoichuma mwenyewe. Inang'aa, ukiifuta kwa kitambaa haibaki doa. Mama Deo, jirani yetu, alisimama mlangoni akasema, "Sasa hii ni ofisi ya serikali. Tupige hodi au tupange foleni?" Nilitamba wiki nzima.

Unaukumbuka ule udongo mweupe wa bondeni tuliopaka kila Krismasi ikikaribia? Wewe ulibeba, mimi nikasiliba kwa mkono. Ukiuegemea ukuta unakwenda kanisani na bega jeupe, nami nakupangusa njia nzima nimenuna. "Acha, mke wangu," ulisema. "Watu wajue nina nyumba."

Sasa mama yako. Tangu nimalize kupaka anashinda kizingitini. Nikimwambia, "Mama, ingia ndani," ananijibu, "Naota jua, mwanangu." Jua gani, na mvua inanyesha? Nikadhani kaninunia.

Juzi aliingia akidhani hakuna mtu. Akapapasa ukuta kama mgeni, akakikosa kiti, akaanguka chini. Baba Koku, kumbe kwa macho yale mabovu alikuwa akiviona viti kwa sababu tu ukuta nyuma yake ulikuwa mweupe. Nimemzimia mama taa mchana, halafu nikaenda kujisifu sokoni. Nilimwinua nikiangalia pembeni kwa haya.

"Rangi ni nzuri, mwanangu," akasema. "Ni mimi tu nimezeeka."

Afadhali angenitukana.

Udongo haushiki juu ya rangi ya mafuta, unateleza. Leo tangu asubuhi nakwangua kwa panga, na kesho wanawake wa jumuiya wanakuja kukiona kijani nilichowatangazia. Watakuta kuta zimechunwa kama mbuzi. Nitawaambia ukweli, uso sina pa kuuficha.

Upande wa viti nimeshausiliba udongo mweupe, bado mbichi. Mama ameingia sasa hivi, peke yake, amekaa. Anauliza kwa nini chai imechelewa.

Lala salama, mume wangu. Mama yako ninaye.

Mkeo,
Mama Koku