Maelezo ya Immaculata Rwehumbiza Kuhusu Ufunguo wa Gari la Mradi

KITUO KIDOGO CHA POLISI NYAMALELE
WILAYA YA SENGEREMA

Jina: Immaculata Rwehumbiza
Umri: Miaka 44
Kabila: Mhaya
Dini: Mkristo
Kazi: Afisa Ruzuku na Mikataba ya Utafiti, Idara ya Afya ya Jamii, Chuo Kikuu cha Nyanza Kusini
Makazi: Butimba, Mwanza
Tarehe: 12 Septemba 2024, saa 3:10 asubuhi
Kosa linalochunguzwa: Kuwazuilia watu isivyo halali

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naomba nitoe maelezo nikiwa nimesimama, afande akiniruhusu, maana tangu jana kukaa kumenishinda.

Kazi yangu idarani ni kutunza mikataba ya utafiti. Fedha za mfadhili zikiingia, mimi ndiye ninayesoma masharti, ninayemkumbusha mtafiti alichoahidi, na ninayefunga mradi muda ukiisha. Wengi wananiona msumbufu na sijawahi kuwabishia. Mradi wa kichocho katika kijiji hiki unafungwa mwisho wa mwezi huu. Watafiti wetu walipima choo cha watoto wa hapa mwezi Machi, na kila mzazi akapewa kadi yenye namba ya mtoto wake. Mkataba unasema wazazi wapewe majibu kabla mradi haujafungwa. Majibu yalikuwa tayari tangu Mei, lakini Mkuu wa Idara, Dk. Anatory, aliagiza yasitoke mpaka ripoti ikamilike na kufika kwa mfadhili. Nilimkumbusha Juni, nikamkumbusha tena Agosti. Alinijibu, "Tutarudi huko, dada, punguza presha." Nilijua hatutarudi, kwa sababu bajeti haikuwa na fungu la safari nyingine.

Mnamo tarehe 11 Septemba 2024 nilivuka kwa kivuko cha Kamanga pamoja na dereva wa idara, Pius. Tulikuja kuchukua mali za mradi, hasa jokofu lililokuwa zahanati ya kijiji. Tulifika kama saa nne asubuhi. Ilikuwa siku ya kliniki na akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Pius na mlinzi wa zahanati walipolitoa jokofu nje, wote waligeuka wakawa wanatutazama. Sikupenda kule kutazamwa.

Akanijia Sabina Chenge, ambaye sikuwa nikimfahamu. Alikuwa amembeba mgongoni mtoto wa kiume wa kama miaka sita, umri wa mtoto kutembea mwenyewe. Tumbo la mtoto lilikuwa limevimba. Alinisalimia, "Shikamoo mama," nikaitikia. Akasema, "Friji mnaondoka nayo. Majibu ya Kashindye mnamwachia nani?"

Nilimjibu kwamba majibu yatakuja kwa utaratibu. Afande, hilo ni jibu la ofisini, na nilipolitamka pale nje mbele ya yule mtoto nililionea aibu. Sabina hakubishana. Alizunguka upande wa dereva, akachomoa ufunguo wa gari, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Akasema, "Basi na gari litaondoka kwa utaratibu." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilikasirika sana. Nilimtumia Dk. Anatory ujumbe: "Akina mama wamechukua ufunguo, hatutoki, wanataka majibu." Ujumbe huo ni wangu na sikatai. Nilizunguka lile gari sijui mara ngapi, mpaka Pius akaniambia, "Mama, utachimba mtaro hapo." Dk. Anatory hakujibu. Nikawatazama wale akina mama. Hakuna aliyeshika fimbo wala jiwe. Mmoja alikuwa ananyonyesha, mwingine anachambua maharage. Kila mmoja alikuwa ametoa kadi ya mtoto wake ameishika mkononi. Kadi zile tuliziandika sisi, na mkataba uliowaahidi majibu ninao mimi kabatini. Hasira yangu ikahama pale pale. Iliwaacha wao ikavuka ziwa kurudi idarani kwetu.

Nilimpigia Nestory, mtaalamu wa maabara yetu aliyeko Mwanza, nikamwambia afungue majibu kwenye kompyuta. Aliniuliza kama Mkuu ameruhusu. Nikamwambia mkataba umeruhusu, na kama kuna wa kugombezwa, nigombezwe mimi. Nilisimama nyuma ya zahanati ili mtu asisikie ya mwenzake. Kila mama alikuja peke yake na kadi, mimi nikataja namba, Nestory akasoma, nikamweleza mama. Waliokutwa na mayai ya kichocho niliwaelekeza kwa nesi ndani, na dawa zilikuwepo.

Zamu ya Sabina ilipofika, Nestory aliniomba nirudie namba. Akasema mayai ya Kashindye ni mengi mno, na kama tumbo limevimba, dawa peke yake haitoshi, apelekwe hospitali ya Sengerema apigwe picha ya ini, na anayepiga picha hizo anakuwepo Alhamisi. Nilimweleza Sabina vile vile nilivyoambiwa. Aliuliza, "Tangu Machi mlikuwa mnajua?" Nikamjibu, "Tangu Mei." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kabla sijamaliza foleni, simu yangu iliisha chaji. Zahanati haikuwa na umeme muda huo. Pius alimwomba Sabina ufunguo ili achaji simu kwenye gari, na Sabina akafungua pindo akampa. Nataka hili liandikwe kama ninavyolisema. Gari lilikuwa linanguruma, ufunguo tunao sisi, njia iko wazi, na jokofu limeshapakiwa. Tungetaka kuondoka tungeondoka. Simu ilipopata chaji, Pius alizima gari, akalifunga kwa sababu ya watoto waliokuwa wanapanda panda, akamrudishia Sabina ufunguo kwa mkono wake. Nilimuuliza kwa nini amerudisha. Alisema, "Si bado hujamaliza kazi?" Nikaona ana haki. Niliendelea kusoma majibu.

Saa tisa alasiri gari la polisi lilifika. Kumbe Dk. Anatory alikuwa amepiga simu kwamba wafanyakazi wake wametekwa. Mliuliza ufunguo uko wapi, Sabina akafungua pindo la kanga akawaonyesha, nanyi mkamkamata. Nilijaribu kueleza nikaambiwa nitaeleza kituoni. Mtoto alibaki na bibi yake.

Jioni hiyo, saa kumi na mbili, Dk. Anatory alinipigia simu nyumba ya wageni nilipolala. Aliniambia, "Dada Immaculata, kile kifungu cha dharura unakijua kuliko mimi." Ninakijua. Kinasema wafanyakazi wakizuiliwa kwa vurugu, mfadhili anaongeza miezi sita na fedha zake. Akasema, "Sema mlitekwa, basi. Vijana wa mradi wana familia. Na ajira yako iko humo humo." Nikamuuliza Sabina atakuwaje. Akasema, "Hayo tutayamaliza baadaye, kesi itafutwa." Ni kweli kwamba mshahara wangu unatoka kwenye mradi huu, na mradi ukifungwa mwisho wa mwezi, na mimi nimefungwa nao. Nina watoto wawili sekondari. Ninaogopa, na sioni sababu ya kumficha afande.

Lakini sikutekwa. Sabina alichukua ufunguo asubuhi bila ruhusa yetu, na hilo ndilo kosa lake lote. Kuanzia pale Pius alipourudisha, nilikaa Nyamalele kwa hiari yangu, nikifanya kazi ambayo idara yangu ililipwa kuifanya ikaiacha. Leo ndiyo Alhamisi. Kashindye yuko hapo nje na bibi yake, na tangu nianze kuongea nimekuwa nikimsikia akilia. Naomba mama yake asizuiliwe hapa kwa kosa la kudai alichoahidiwa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimeyasema kwa hiari yangu, na sina la kupunguza.

Saini: I. Rwehumbiza

Maelezo ya mpokeaji:
Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali kuwa ni sahihi. Neno "tulitekwa", nililokuwa nimeliandika mwanzoni kufuatana na taarifa ya mlalamikaji, nimelikata kwa ombi lake, naye ametia saini pembeni. Baada ya hapo aliomba kumdhamini mtuhumiwa. Nilimweleza kuwa shahidi wa mlalamikaji hawezi kumdhamini mtuhumiwa. Alijibu kuwa, kwa maelezo aliyotoa, mlalamikaji hana shahidi. Nimewasiliana na Mkuu wa Kituo. Mtuhumiwa ametolewa mahabusu saa 4:25 asubuhi.

F. Ngosha, Koplo