Desturi za Kaka Yangu Hermelindo

San Melchor del Monte, 5 Novemba 2011

Mwanangu Maclovia,

Salamu zikufikie huko Mexicali kwenye joto lenu la jangwani. Huku baridi imeanza, ila sote tu wazima. Goti langu tu ndilo linalojifanya zee kuliko mwenyewe. Mama yako Otilia anakula kidogo, lakini anakula.

Usishtuke na haya. Baba yako alishuka mjini Alhamisi ya tarehe 27 kuuza kamba zake za katani, na mpaka leo hajapanda. Siku ya wafu imepita bila yeye. Mama yako aliniuliza kama aweke picha yake pamoja na za marehemu, nikamkemea: "Shemeji, unamzika mtu anayepunga upepo?"

Nimekwenda mwenyewe ofisi ya upelelezi kuandikisha. Angekwenda nani mwingine? Kijiji kizima Kihispania chao ni cha kuombea chumvi. Mimi nilimfundisha Kihispania yule injinia wa barabara, naye kazaliwa Hispania kwenyewe; siku ya kuagana alilia. Basi afisa, kijana wa tai, akaniuliza, "Mzee, huyu ndugu yako siku zake huendaje?" Nikaona ananidharau kwa ndara zangu. Nikamwambia kaka yangu si wa kutafutwa kama mbuzi! Mwaka themanini na tisa alipotea miezi miwili, akarudi na dubu wa sarakasi, na wanawake watatu wakimlilia stendi. Afisa alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo ndivyo alivyo?" Nikachagua neno zito, lenye heshima zake: costumbre, desturi kama za misa na sikukuu. Akaliandika kwa herufi kubwa, akaniagizia kahawa. Ofisi nzima ilikuja kunisikiliza.

Kwa hiyo tulia. Atarudi.

Baba yako mdogo,
Eleuterio


Mexicali, 17 Novemba 2011

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini goti limepoa. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeandika kwa sababu simu ya dukani husikilizwa na kijiji kizima, na haya sitaki wayasikie.

Nimepiga simu ofisi ile. Wamenisomea faili: "Ana desturi ya kutoweka kwa hiari yake." Kisha wakaniambia, subiri, binti. Hakuna anayemtafuta baba. Faili lake liko kwenye droo ya watu waliojiondokea.

Miezi miwili ya themanini na tisa naikumbuka, nilikuwa na miaka tisa. Aliyepotea ulikuwa wewe. Baba ndiye aliyekutafuta stendi kwa stendi, akakukuta Culiacán hujitambui kwa ulevi, akakurudisha nyumbani. Dubu simkumbuki.

Hapa kuna kina mama wanaotafuta watu wao waliopotea. Hukutana Jumapili nyuma ya kanisa, nao wamenifundisha. Costumbre usiitamke tena mbele ya afisa. Kwake maana yake mtu ndivyo alivyo, mwacheni. Maña ndiyo kabisa, hiyo ni tabia ya mjanja au mlevi. Sema rutina: mambo ya kila siku, kila moja na saa yake. Rutina ikikatika wanalazimika kuuliza nani kaikata.

Waambie hivi. Huamka saa kumi alfajiri, huwasha moto yeye mwenyewe. Husokota katani juu ya paja mpaka kunapambazuka. Alhamisi hupanda basi la saa kumi na moja na nusu, hukaa nyuma ya dereva, na jioni ileile hurudi. Miaka ishirini na mbili hajalala nje hata usiku mmoja.

Nenda wiki hii, nakupigia magoti. Mimi kiwandani hawanipi ruhusa mpaka Krismasi.

Mwanao,
Maclovia


San Melchor del Monte, 28 Novemba 2011

Mwanangu Maclovia,

Marahaba, marahaba. Huku hatujambo. Mama yako amekonda, na nikimtania hacheki.

Nimesoma hayo maneno ya kina mama wako. Unamfundisha samaki kuogelea? Rutina ni neno la mashine, la huko kiwandani kwenu. Hata hivyo nilitoka leo asubuhi kwenda, kwa heshima yako. Mwanangu, daraja halipo! Mto umelizoa chuma na zege, nililiona kwa macho yangu likielea kama ganda la muhindi. Nikajitosa niogelee. Katikati ya mto akanipita ng'ombe mfu, kanikodolea macho utadhani mimi ndiye niliyemwua. Nikarudi. Halipiti basi, hapiti punda.

Halafu na wewe fikiri. Mwaka huu mimi ndiye mzee wa sikukuu ya mtakatifu wetu. Nisimame mbele ya kijana wa tai niseme nilidanganya? Watacheka San Melchor nzima. Daraja likitengenezwa, tutaona.

Baba yako mdogo,
Eleuterio


Mexicali, 8 Desemba 2011

Baba Mdogo, shikamoo.

Barua yako imenifikia. Ina muhuri wa posta ya mjini, tarehe 29. Imevuka daraja gani? Au ilipanda yule ng'ombe?

Nimekuuliza habari za goti, nimekuuliza habari za nyumbani, sasa sina la kuuliza. Panda basi. Ingia ofisini useme: "Nilidanganya. Yaliyoandikwa humu ni ya kwangu mimi, si ya kaka yangu." Likikushinda kwa Kihispania, liseme kwa lugha yetu, watafute mkalimani.

Mwanao bado,
Maclovia


San Melchor del Monte, 19 Desemba 2011

Mwanangu,

Nakusalimu. Mama yako anajua tayari. Nilianza naye, kisha nakuandikia wewe.

Nilikwenda Alhamisi. Usiku wa kuamkia nilikaa na shemeji anieleze siku za kaka, maana uliyoandika hayakutosha nami ya kuongeza sikuwa nayo. Tumekaa ukuta kwa ukuta maisha yote, na sikujua kwamba kabla ya kulala husokota shuka, kipande tu, kwa vile vidole vimezoea.

Afisa aliponiona akatabasamu. "Mzee wa dubu! Amerudi?"

Nikasema, "Nilidanganya, bwana."

"Dubu tu, au yote?"

"Yote. Aliyekuwa akipotea ni mimi."

Hakucheka. Akanipa karatasi niandike mwenyewe. Niliandika saa tatu nzima, mwanangu. Darasa la tatu ndilo langu, hadithi ya injinia iache hapo. Niliandika rutina juu, nikashuka: saa kumi, moto. Katani. Basi. Nyuma ya dereva. Shuka.

Alipofika kwenye shuka akasimama. Akaenda kabatini akarudi na karatasi ya hospitali ya mjini. Mwanamume asiyejulikana, aliokotwa kando ya barabara usiku wa tarehe 27 Oktoba, amegongwa na gari, kichwa kimeumia. Wauguzi waliandika: hasemi ila maneno yasiyoeleweka. Kila alfajiri saa kumi huamka, hupapasa chini ya kitanda kama anayetafuta kuni, kisha husokota ncha ya shuka juu ya paja mpaka kunapambazuka. Karatasi ililetwa pale mapema. Ililinganishwa na mafaili ya wanaotafutwa. La kwake halikuwa huko.

Maneno yasiyoeleweka ni lugha yetu. Alikuwa akiongea na watu.

Nikamwuliza, "Yuko kitanda gani?" Nilikuwa nimeshasimama, kofia mkononi.

Afisa akasema, "Mzee, kaa."

Alikufa tarehe 3 Desemba. Barua yako ya kwanza ilinifikia tarehe 24 Novemba. Kutoka hapa mpaka hospitali ile ni saa nne kwa basi. Tarehe 28, nilipokuwa nakuandikia habari za mto, yeye alikuwa anasokota. Hesabu hiyo nimeifanya mwenyewe, usidhani nakuachia wewe.

Amezikwa na serikali bila jina. Nimetia sahihi wamfukue. Wanasema wiki mbili.

Niandikie, hata kunitukana.

Baba yako mdogo,
Eleuterio


Kwa mkono, San Melchor, 4 Januari 2012

Bwana Eleuterio,

Tumefika naye jana. Mazishi ni kesho saa nne asubuhi.

Jeneza upande wa kichwa hushikwa na ndugu wa tumbo moja. Mimi nilisema ashike mtu mwingine yeyote, mama amekataa. Basi njoo.

Watu watakuuliza ilikuwaje. Mimi na mama hatutawajibu.

Maclovia