Upawa Wangu Uko Croydon

Jumapili, mwezi wa Novemba. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyotosha hata kufungulia mwavuli. Mwavuli wenyewe umelala mlangoni peke yake, na kila nikiupita nauangalia kwa jicho baya, kana kwamba una kosa.

Moyo wangu mzito. Nataka niandike ya jana kabla sijaanza kuyapamba, maana mimi kwa kupamba sijambo.

Kwa asiyetujua, sisi ni kundi la watu watatu, tunajiita Achari. Mimi naimba na kuchekesha, Othman anapiga akodiani, Saada anapiga ngoma ya dumbaki. Wiki nzima Othman anaendesha basi, Saada yuko ofisini, na mimi nahudumia wazee wa watu kwenye nyumba yao ya kutunzwa. Jumamosi ndipo tunapoitwa kwenye harusi za Waunguja na Wapemba wa hapa Landani, na mara mojamoja za Wahindi waliotoka Kenya na Uganda. Hatupigi taarabu ya kweli. Wapo wanaoipiga, na sisi kazi yetu ni kuwaiga.

Na hao tunaowaiga ndio tunaowapenda. Nikisema hivyo watu hudhani natania, lakini huwezi kumwiga mtu usiyempenda, kwa sababu lazima umtazame sana. Harish wa tabla, aliyezaliwa Kisumu, nimemtazama mpaka najua kwamba akikosea hukunja uso na kuikodolea macho tabla, kama vile ndiyo iliyokosea. Yeye namwiga kwa sufuria mbili.

Mkubwa wao wote ni Ami Suleiman wa fidla. Alikuja huku miaka ile baada ya mapinduzi, fidla ameifunga ndani ya kanga ya mama yake. Kazi aliyofanya maisha yake yote ni ya stesheni, akastaafu, lakini fidla hakustaafu nayo. Kabla hajapiga chochote hufumba macho, akainua kidole, akasema, "Subirini, subirini kidogo." Kisha hukaza uzi mmoja baada ya mwingine, hata kama nyuzi zote ziko sawa. Bibi harusi atasubiri, biriani litapoa, yeye anakaza. Hilo naliigiza kwa mwavuli chini ya kidevu na upawa wa kifuu mkononi, ule wa kutekea mchuzi, na watu hujishika mbavu.

Tuna taratibu zetu. Mwanamuziki akiwamo ukumbini lazima tumwige, tukianza na mkubwa. Kumruka ni kumwambia kwamba si mwenzetu tena. Tukimaliza, naye hujibu: huchukua upawa wangu, akanigonga nao begani, halafu akanitania kwa ala yake. Ami Suleiman alikuwa akiiliza fidla kama sauti yangu inapokwama juu, na mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote. Mwisho hunirudishia upawa, mambo yakaisha.

Asiyeweza kujibu hatumwigi. Hapo si utani tena.

Mwezi wa tano Ami alipata kiharusi. Mkono wa kulia hauinuki. Maneno yanatoka moja moja, mengine hayatoki kabisa. Fidla iko juu ya kabati, na mkewe, Bi Zuhura, ameifunga kwa kanga ileile. Nimekwenda nyumbani kwao Croydon mara mbili kumtazama, na mara zote mbili nilizungumza mimi tu, kwa ile sauti ninayotumia kazini kwa wagonjwa. Niliisikia mwenyewe nikaichukia.

Jana mchana harusi ilikuwa kwenye ukumbi karibu na Edgware Road. Tulikuwa tunajiandaa jukwaani pale mlango ulipofunguliwa, Bi Zuhura akaingia anasukuma kiti cha magurudumu. Ami kavaa kanzu, koti na kofia ya viua, kanyolewa vizuri. Wakampeleka mbele kabisa, walipokaa wanamuziki, akawa ubavuni mwa Harish.

Othman aliniinamia. "Dada, leo tumwache. Stroke si mchezo. Watu watasema twamcheka mgonjwa."

"Na tukimwacha?"

"Tunaanza na Harish, basi. Nani atajua?"

"Yeye atajua," alisema Saada.

Nilimtazama Ami. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anautazama mwavuli. Nikianza na Harish, nimemzika mzee wa watu angali hai, tena mbele ya kadamnasi. Nikianza naye akashindwa kujibu, nimemdhalilisha. Niliogopa kweli.

Niliuchukua mwavuli.

Mama mmoja nyuma nilimsikia akisema, "Astaghfirullah, hawa hawana haya!" Nilifumba macho, nikainua kidole, nikasema, "Subirini, subirini kidogo." Hakuna aliyecheka. Nilikaza uzi wa kwanza, nikakaza wa pili. Nikaupitisha upawa juu ya mwavuli mara chache, nikamaliza. Ikabaki zamu yake.

Nilishuka, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikampa upawa upande wa kushoto.

Aliupokea. Ilimchukua muda kuushika barabara, kisha akanigonga begani. Alinigonga kwa nguvu, bado panauma kidogo. Akaulaza upawa mapajani, akainua kidole cha mkono ule wa kushoto, akafumba macho.

Tukasubiri.

Sikuelewa mpaka nilipoona vidole vinazunguka hewani, karibu na sikio lake. Alikuwa anakaza nyuzi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mkono wa kukazia nyuzi ni wa kushoto, na wa kushoto wake mzima. Alikaza uzi wa kwanza, akasikiliza. Akatikisa kichwa, haujakaa sawa, akaurudia. Akahamia wa pili. Baba wa bibi harusi akatazama saa. Vijana wa jikoni wamesimama mlangoni na masinia ya biriani, hawajui waingie au warudi.

Harish ndiye aliyeanza kucheka. Bi Zuhura akafuata huku machozi yakimtoka. "Ndivyo alivyo huyu! Jamani, ndivyo alivyo!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata yule mama wa nyuma. Ami akafumbua jicho moja, akatuangalia, akalifumba tena, akaanza uzi wa kwanza upya.

Nimechekesha watu miaka mingi. Sijapata kuona mtu akichekesha vile, wala sijapata kulia vile mbele za watu.

Kitu kimoja tu kilinichanganya. Nilipotoa mkono anirudishie upawa, aliusukumiza ndani ya mfuko wa koti lake na akageuza uso pembeni. Nikadhani amesahau, ni maradhi. Nikaona haya kuudai. Wakaondoka nao.

Leo asubuhi Bi Zuhura kanipigia simu.

"Mwanangu, huu upawa wako hataki niuguse. Kalala nao. Nimemwambia nitaupeleka posta, kakasirika, chai hakunywa."

"Kwani anasemaje?"

Nikamsikia anamwuliza. Sauti ya Ami ikaja kwa mbali, nzito, kila neno likitoka kwa tabu.

"Sija...maliza. Aje. Na wenzake."

Nilikata simu nikakaa kitandani. Hakusahau. Kwa taratibu zetu, upawa usiporudi, jibu halijaisha, na mwenye jibu bado ni mwenzetu. Miezi yote hii nilikuwa nakwenda kumtazama mgonjwa, na yeye alikuwa anawangoja wanamuziki wenzake.

Nimeshawaambia Othman na Saada. Kesho jioni Othman akitoka zamu tunapanda treni mpaka Croydon, na akodiani, na dumbaki, na mwavuli wangu mimi. Nitamwomba Bi Zuhura aiteremshe fidla, iwepo tu chumbani.

Upawa sitaudai. Namwomba Mungu, Ami asinirudishie.