Kengele Isiyo na Jina

Mpwa wangu,

Sisi wazima, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Kengele ya ile meli iliyozama nimeitoa mimi, kwa pumzi moja; papa aliniona akanipisha. Sasa wenye meli wamekuja na hati, wanasema ni yao. Nikawaambia, "Haya, mabwana, nionyesheni jina la meli yenu."

"Mzee, mbona inang'aa kama sufuria?"

"Bahari yetu husafisha."

Kumbe nimeisugua kwa mchanga siku tatu. Mwezi ujao nitaapa mbele ya hakimu kwamba haikuwa na jina. Sina wasiwasi. Ila picha niliyokutumia kabla sijaisugua, ichome. Mama yako anasema niwarudishie. Dada yangu huyo mwoga tangu utotoni. Ukishindwa kuichoma, niandikie kabla sijaapa.

Mjomba wako, bingwa wa kuzamia